Kabla ya Karo, Saa: Hotuba kwa Watu Wazima Wanaotaka Digrii kwa Njia ya Mtandao

Haya ni maneno niliyosema Busia, upande wa Uganda, mbele ya walimu, askari polisi, wafanyabiashara wa mpakani na wazazi wenye hamu ya kurudi kwenye masomo. Salamu nimezifupisha. Majibu ya maswali niliyoulizwa baada ya hotuba nimeyaingiza mahali panapofaa.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wetu wa dini, maafande mliotoka zamu bila kupitia nyumbani, walimu wenzangu, mama zangu wa mtaa wa Sofia mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa, wazee na vijana: hamjambo. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie kusoma digrii ukiwa mtu mzima, kwa njia ya mtandao, bila kuhamia Kampala. Nina jambo moja kubwa la kuwaambia. Wengi niliowaona wakiacha masomo katikati walikuwa na akili za kutosha, na wengine karo walikuwa wameshalipa. Walichokosa ni saa. Saa za mtu mzima zina wenyewe: watoto, mwenzi wa ndoa, duka, zamu, shamba, mgonjwa hospitalini, matanga, harusi, jumuiya. Chuo kikuu kinapokuja kudai saa zake, kinakuta wadai wengine wako mlangoni tangu zamani. Ndiyo maana nasema, kabla hujalipa hata shilingi moja, kaa na watu wa nyumbani kwako mkubaliane saa zipi ni za masomo.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu watu wengi huingia bila kuijua. Vyuo vikuu vyetu hupima kozi kwa krediti. Krediti 1 ni saa 15 za kufundishwa katika semista nzima. Kozi ya krediti 3, basi, ni saa 45. Ukichukua kozi 5 kwa semista, hizo ni saa 225. Semista kwa kawaida ina wiki 15 za masomo kabla ya mitihani. Gawanya, unapata saa 15 kila wiki. Hapo bado hujafungua kitabu kwa wakati wako mwenyewe na hujaandika koswaki, zile kazi za kuandika anazotoa mhadhiri, hata moja. Nami nasema wazi, mtu mzima anayefanya kazi atenge saa zisizopungua 15 kwa wiki, na wiki za koswaki ataongeza. Mtandao unakuondolea safari ya basi na kodi ya chumba Kampala. Saa hizo haupunguzi hata moja.

Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa hizo saa 15 nitazitoa wapi, na siku yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri?" Hilo ndilo swali lenyewe, na nitalirudia nikishamaliza mambo ya vyuo.

Kwanza tuseme kwa nini watu wazima wanarudi shuleni kwa wingi. Walimu mnajua. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu, kuanzia chekechea hadi sekondari, awe na digrii. Mwalimu wa Gredi 3, yaani mwenye cheti cha ualimu wa msingi, aliyefundisha miaka 20, aliyewafundisha kusoma watoto ambao leo ni madaktari, anaambiwa cheti chake hakitoshi tena. Kuna uchungu ndani yake na siudharau. Ila gari limeshaondoka, na ni afadhali uwe ndani. Wapo pia wanaotaka uongozi: Katiba, katika kifungu cha 80, inamtaka mbunge awe amefika angalau kiwango cha kidato cha sita au kinacholingana nacho. Na kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili mchana kutwa upande huu wa mpaka, kuna mlango mwingine ambao watu wa bara hawajauona vizuri. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 uliweka Kiswahili kuwa somo la lazima S1 na S2, yaani miaka miwili ya kwanza ya sekondari, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wa kulifundisha somo hilo ni wachache. Mwalimu wa Busia mwenye Kiswahili cha kuzaliwa na digrii mkononi anahitajika Mbarara, anahitajika Gulu, na hata hapa Masafu.

Ninyi mnaoambiwa kwamba digrii ya mbali ni digrii ya daraja la pili, sikilizeni. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1922, na kufikia mwaka 1953 kilikuwa na idara ya kupeleka masomo kwa watu wazima nje ya chuo. Mwaka 1991 kikaanzisha digrii za nje, za biashara na za elimu, zilizosomwa kwa vijitabu vilivyochapishwa na vipindi vya ana kwa ana wakati wa likizo. Wengi waliowafundisha watoto wenu sekondari walipitia njia hiyo. Jirani zetu Watanzania wana Chuo Kikuu Huria tangu mwaka 1992, na Wakenya hapa ng'ambo ya barabara wakapata chao mwaka 2023. Nelson Mandela alipata digrii yake ya sheria kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989 akiwa bado mfungwa, mzee wa miaka 70. Alisoma kwa posta.

Kilichobadilika kwetu ni ule mwaka wa korona. Machi 2020 vyuo vilifungwa, na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, wengi mnalijua kwa jina la NCHE, likatoa miongozo ya kufundisha kwa mtandao wakati wa dharura. Vyuo vilivyokuwa vikisitasita vililazimika kujifunza. Leo mhadhara unaweza kuufuata ukiwa nyuma ya kibanda chako. Lakini kuna mambo ya kuulizia kabla hujatoa pesa, na hapa naomba mwenye kalamu aandike.

Uliza kama chuo kina leseni au hati ya NCHE. Kisha uliza kama kozi yenyewe imeidhinishwa, maana chuo kinaweza kuwa halali kabisa na kozi unayoitaka ikawa imepitwa na muda wake wa idhini. Mwaka 2023 jambo hili lilileta kelele nchi nzima, watu walipokuta kozi zao zimeandikwa kwenye orodha ya Baraza kuwa muda wake umekwisha. Kisha uliza swali la tatu, ambalo watu husahau: je, kozi hii imeidhinishwa kufundishwa kwa mtandao, au ni ya darasani tu? Orodha ziko kwenye tovuti ya Baraza. Usitosheke na neno la wakala aliyekupigia simu. Kama chuo ni cha nje ya nchi, uliza Baraza kama shahada yake italinganishwa na za hapa, na ulize kabla ya kujiandikisha. Anayekuahidi digrii kwa miezi 6 kwa sababu una "uzoefu wa maisha" anataka pesa zako. Digrii ya kwanza hapa kwetu ni miaka 3 kwenda mbele.

Uliza pia mitihani inafanyiwa wapi. Vyuo vingine hufundisha kwa mtandao lakini mtihani unaufanya ukiwa umekaa chumbani na msimamizi, pengine Kampala, kwa wiki nzima. Nauli, malazi na siku za kutokuwa kazini lazima viingie kwenye hesabu yako. Na ada ya masomo haiji peke yake: kuna ada ya usajili, ya mitihani, ya utafiti, ya mahafali. Omba karatasi yenye jumla yote hadi siku ya kuvaa joho. Chuo kisichotaka kukupa karatasi hiyo, kiache.

Kwa wasio na kidato cha sita: mtu wa miaka 25 na zaidi anaweza kuomba kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa njia ya watu wazima, ule tunaouita mature entry. Akifaulu anaomba kozi kama wengine. Mwenye diploma huingia kwa diploma yake. Wapo hapa waliodhani mlango ulifungwa walipoishia S4. Haukufungwa. Zunguka nyumba, upo mwingine.

Na kozi nyingine msizitafute kwenye mtandao mtupu. Uuguzi, udaktari na kazi za maabara zinataka mikono. Hata ualimu una mazoezi ya kufundisha, ambayo lazima usimame mbele ya watoto na msimamizi amekaa nyuma ya darasa.

Sasa bando. Hapa mpakani tuna shida ambayo watu wa Kampala hawaijui. Nyumba zilizo karibu na geti, simu huruka yenyewe na kushika mtandao wa Kenya. Mhadhara unakwama, bando la Uganda limekaa bila kazi, na salio linaliwa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, uchague mtandao wako kwa mkono, na uzime data ya nje ya nchi. Jambo dogo, lakini limewaokoa wanafunzi wangu wengi.

Video ndiyo inayokula bando. Mhadhara wa saa moja kwa video unaweza kumaliza GB 1 au kuipita. Ukizima video ukabaki na sauti, huenda usifikie hata MB 100. Pakua somo mahali penye waifai ya bure au ya ofisini. Vyuo vyetu vingi hutumia mfumo wa Moodle, na programu yake ya simu inakuruhusu kupakua masomo ukayasoma bila intaneti. Pakua mapema pia kwa sababu nyingine: umeme hukatika, na Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Mwanafunzi mwenye masomo kwenye simu yake aliendelea kusoma.

Hapa niwaombe viongozi mliokaa mbele jambo moja, kwa heshima. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Sheria yenyewe iliacha nje data ya huduma za elimu na za afya. Lakini mwalimu wa Masafu anaponunua bando kibandani, nafuu hiyo haimfikii, kwa sababu bando ni lile lile kwa kila mnunuzi. Mkutanapo na wabunge wetu, waulizeni nafuu hiyo itamfikiaje mwanafunzi mtu mzima. Limeshaandikwa. Kilichobaki ni utekelezaji.

Narudi kwenye swali la mama yangu: saa nitazitoa wapi?

Niwaeleze alivyofanya mwalimu mwenzangu mmoja, mama wa watoto wanne, mwenye Gredi 3, ambaye sasa ana digrii. Kabla hajajaza fomu alimketisha mumewe, mtoto mkubwa na mama mkwe sebuleni. Akawaambia anachotaka, kitachukua muda gani na kitaleta nini. Hakuomba ruhusa ya kusoma kwa jumla. Aliomba saa zenye majina: Jumatatu hadi Alhamisi, saa tatu usiku hadi saa tano, na Jumamosi asubuhi mpaka saa sita. Mume akasema, "Jumapili vitabu visionekane." Akakubali. Mtoto mkubwa, mvulana wa S2, akapewa vyombo vya usiku. Mama mkwe alinung'unika, na aliyemjibu ni mume mwenyewe. Jambo hilo lina uzito. Mwanamke akilitetea peke yake mbele ya wakwe linageuka kiburi, mume akilitetea linakuwa mpango wa nyumba. Ratiba waliiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi, wakaipigilia nyuma ya mlango wa jikoni.

Nilimtembelea usiku mmoja akiwa katika mhadhara. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, spika moja ya masikio iko sikioni, sikio la pili ameliacha kwa ajili ya mtoto mchanga. Daftari lilikuwa kwenye meza ile ile iliyotoka kufutwa ugali. Jirani akagonga akitaka kuazima sufuria ya matanga. Yule mvulana wa S2 akatoka, akampa sufuria, akasema, "Mama yuko darasani." Jirani akaenda zake. Kilichomlinda mama yule usiku ule ni mtoto aliyejua kwamba saa ile ina mwenyewe.

Wanaume, nawasemesha ninyi pia. Mwanaume akisoma, nyumba nzima hunyamaza bila kuambiwa. Mwanamke akisoma, kila mtu humkumbuka kwa kazi fulani. Mkeo akikuambia anataka digrii, mpe saa. Karo ni nzuri, mchango ni mzuri, lakini saa ndizo utakazomnyima bila hata kujua umemnyima. Nawe unayesoma, usidhani kunyamaza kwa mkeo ni kukubali. Muulize. Anabeba mizigo yako yote usiku huo.

Maafande na watumishi wengine wa serikali, kwenu mdai mkubwa wa saa ni kazi. Kanuni za utumishi wa umma zina kifungu cha likizo ya masomo. Andika barua mapema na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mpelekee mkuu wako ratiba ya mitihani siku ile ile chuo kinapoitoa, usingoje wiki ya mtihani. Mwanafunzi wangu mmoja, askari, alizungumza na mkuu wake mwanzoni mwa semista, wakabadilishana zamu na wenzake: yeye anashika sikukuu zote, wao wanamwachia wiki za mtihani. Alikuwa analipa saa kwa saa, hadharani, na hakuna aliyemwona mvivu.

Msisome kila mtu peke yake, hilo nalo nalisisitiza. Watu watano wanaosoma, hata kozi tofauti, wakutane mara moja kwa wiki, kanisani, msikitini au darasani baada ya watoto kuondoka. Upweke ndio unaomaliza mwanafunzi wa mtandao kimya kimya. Wiki ya kwanza anakosa mhadhara mmoja, ya pili anaona haya kuingia, ya tatu anasema ataanza tena mwakani. Mwenye kikundi hupigiwa simu wiki ile ya kwanza. Na kikundi kinaweza kununua bando kubwa la pamoja, kikapakua masomo ya wote.

Katika kikundi jadilini kwa Kiswahili, hilo naliruhusu na kulihimiza. Mihadhara ni ya Kiingereza na mitihani ni ya Kiingereza, na wengi wetu tumekaa miaka mingi bila kuandika insha. Nimeona watu wakikariri kurasa za Kiingereza wasizozielewa. Elezaneni jambo kwa lugha mnayofikiria ndani yake mpaka kila mmoja aweze kulieleza kwa mfano wa soko lake au darasa lake. Kisha andikeni kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, na mmoja amsahihishe mwenzake. Hiyo ni kazi ngumu, ila ndiyo inayobaki kichwani.

Sasa neno lisilopendeza. Kuna watu huuza koswaki na ripoti za utafiti. Unatuma pesa kwa simu, unaletewa kurasa 60 zenye jina lako. Siku hizi wengine huagiza programu ya akili mnemba iandike kila kitu. Itumie ikueleze ulichokwama, kama ungemuuliza mwenzako, lakini kuandika uandike wewe. Vyuo vina programu za kukagua maandishi ya kunakili, na siku ya kutetea ripoti utakaa mbele ya wakaguzi bila anayekuandikia. Zaidi ya hayo, wewe ni mwalimu, wewe ni askari, watoto wanakutazama. Umechukua saa za familia yako. Ukizitumia kununua kazi ya mtu mwingine umewaibia wao.

Mwisho ni makaratasi, kwa kuwa nusu ya maswali yenu yalihusu hayo. Toa vyeti vyako leo, uvilinganishe na kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Akina mama mlioolewa mkachukua jina la mume, na ninyi mliobatizwa au kusilimu mkiwa wakubwa, majina yenu huenda hayalingani. Kuna utaratibu wa kisheria wa kuyalinganisha, kwa kiapo au hati ya kubadili jina, lakini unachukua muda, nao usifanywe wiki ya usajili. Aliyepoteza cheti cha S4 aende UNEB, Baraza la Taifa la Mitihani, kuomba uthibitisho wa matokeo yake, akiwa na ripoti ya polisi ya kupotea na namba yake ya mtihani kama anaikumbuka. Shule uliyosomea huenda bado ina kitabu chenye namba hizo, kwa hiyo anzia kwa mwalimu mkuu.

Karo ya vyuo vya serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo. Usimpe mtu pesa mkononi akulipie, hata akiwa amevaa beji. Toa namba mwenyewe, lipa benki au kwa simu, na uhifadhi risiti mahali pawili.

Wanaotaka kuanza kikundi hapa Busia wabaki baada ya maombi ya kufunga. Tutagawana kwa siku ambazo watu wana nafasi: walimu Jumamosi mchana, wenye vibanda Sofia Jumapili jioni, maafande tutawapangia kufuata zamu. Njooni mkiwa mmeshazungumza nyumbani, na saa zenu mmeziandika.